UZI: Mkoa wa Ruhr, Ujerumani. Migodi imefungwa, sanaa imeingia. Tujuzane maonyesho na matamasha

#1 BintiPangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Ninaishi Bochum, kazi yangu uuguzi. Kila ndugu au rafiki anayekuja kutembea Ujerumani huniuliza njia ya Berlin, au ya München msimu wa sherehe za bia, au ya Köln akapige picha pale kanisa kuu. Nikimwambia akae kwanza huku Ruhr siku mbili tatu, jibu ni lile lile: huko si kwenye makaa na viwanda, nitaona nini? Jibu hilo linaniuma, ndiyo maana nimefungua uzi. Kwa upande wa maonyesho na matamasha sijaona mkoa wa kuufananisha na huu, na kilichoufikisha hapo ni hayo hayo makaa.

Kwa asiyeujua: Ruhr si mji mmoja. Ni miji 53 iliyobanana, watu milioni tano na ushee. Essen, Dortmund, Duisburg, Bochum, Gelsenkirchen, Oberhausen, Bottrop, Herne, Recklinghausen na mingine. Unapanda tramu mji huu, unashuka mji ule, wala hukuona mpaka. Huku ndiko Ujerumani ilikochimba makaa ya mawe na kuyeyusha chuma kwa vizazi na vizazi. Mgodi wa mwisho wa makaa hayo, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa tarehe 21 Desemba 2018, na bonge la mwisho lililopandishwa kutoka chini alikabidhiwa Rais Steinmeier.

Mgodi ukifa, desturi ya dunia ni kukata vyuma na kuviuza chakavu. Huku nako walianza hivyo. Pale Dortmund kuna mgodi unaitwa Zollern, una ukumbi wa mitambo wa 1903 uliopambwa kwa vioo vya rangi utadhani ni stesheni ya wafalme. Mwaka 1969 ulikuwa ubomolewe. Watu wakapiga kelele, ukanusurika, na tangu hapo Wajerumani wakaanza kuyatazama majengo ya kazi kwa jicho lile lile wanalotazamia makanisa na makasri.

Baadaye ikaja zamu ya mgodi wa Zollverein, Essen. Kisima chake (shimo la kushukia chini) namba XII kilifunguliwa 1932, kikafungwa Desemba 1986, serikali ya jimbo ikanunua eneo zima badala ya kuliacha libomolewe. Tangu 2001 UNESCO imeliandika kama urithi wa dunia. Ukifika leo unakuta Ruhr Museum ndani ya jengo walimokuwa wakioshea makaa. Unaingia kwa ngazi ndefu ya umeme iliyobandikwa nje ya jengo, yenye mwanga wa rangi ya chungwa, nayo inakupeleka juu. Kuanzia huko unashuka ghorofa kwa ghorofa, njia ile ile makaa yalivyokuwa yakishuka yakichambuliwa na kuoshwa. Mitambo haijaondolewa, unaipita ubavuni.

Ila mkinilazimisha kuchagua pahali pamoja tu, nitasema Gasometer ya Oberhausen. Hili lilikuwa tangi la gesi, urefu mita 117.5, limejengwa kati ya 1927 na 1929. Ndani mlikuwa na sahani kubwa ya chuma iliyoelea juu ya gesi yenyewe. Gesi ikiongezeka sahani hupanda, ikipungua hushuka. Siku hizi sahani imefungwa mita chache juu ya sakafu. Maonyesho yanaanza chini yake, dari iko karibu na mwanga ni hafifu. Halafu unapanda ngazi, unatokeza juu ya sahani, na ghafla juu ya kichwa chako hakuna kitu ila hewa ya mita mia moja. Sema neno moja, kuta zinalizungusha na kukurudishia mara kadhaa. Watoto wakigundua hilo huwaondoi.

Humo ndani, mwaka 1999, Christo na Jeanne-Claude walipanga ukuta wa mapipa 13,000 ya mafuta. Mwaka 2013 Christo akarudi na mfuko mkubwa mweupe uliojazwa hewa, watu wakaingia ndani yake. Mwaka 2021 ukatundikwa mfano wa dunia yetu wa kipenyo cha mita 20, ukizunguka polepole gizani, na 2024 yakafunguliwa maonyesho ya bahari. Kila mara nikienda nakuta wazee wa mtaani wamekaa kwenye mabenchi, wametazama juu, hawana haraka ya kuondoka.

Matamasha nayo yana msimu wake. Mwanzo wa Mei ni Ruhrfestspiele za Recklinghausen, hasa tamthilia, na majira hayo hayo Oberhausen kuna tamasha la filamu fupi lililoanza 1954. Kwa kawaida Juni ni ExtraSchicht, usiku ambao migodi na viwanda vya zamani hufunguliwa mkoa mzima hadi saa nane usiku. Tiketi moja inakuingiza kote na kukupandisha mabasi na treni. Agosti na Septemba ni Ruhrtriennale, iliyoanza 2002: opera, dansi na muziki ndani ya kumbi za mitambo, hasa Jahrhunderthalle ya hapa kwetu Bochum. Mwaka 2006 waliweka opera ambayo jukwaa la watazamaji lilitembezwa juu ya reli, watu wakawa wanasogezwa kuufuata mchezo ndani ya ukumbi. Baridi ikiingia, pale Zollverein penye matanuri ya kupikia makaa hutandazwa njia ya barafu ya mita 150 ya kuteleza.

Wenyeji wengine wa huku ongezeni. Nawasilisha.

#2 MzeeKirumba

Binti, ahsante kwa somo. Mimi nipo Mwanza, kijana wangu yupo Düsseldorf na anatuita mimi na mama yake tuje kumtembelea. Naomba unifafanulie mambo mawili. Kiingilio kikoje, maana euro zina makali yake? Na je, sisi watu wazima tusiojua Kijerumani tutaelewa chochote?

#3 BintiPangani

Shikamoo mzee. Nianze na vya bure, maana ni vingi.

Duisburg kuna Landschaftspark. Kilikuwa kiwanda cha chuma cha Thyssen, kikazimwa 1985, 1994 kikawa bustani ya umma iliyochorwa na Peter Latz. Hakuna lango la kulipia, usiku na mchana unaingia. Unaweza kupanda ngazi za tanuru namba 5 hadi karibu mita 70 ukauona mkoa wote. Tangi la zamani la gesi limejazwa maji, wapiga mbizi wanajifunzia humo. Jioni ukikaa mpaka giza liingie, taa za kijani, nyekundu na bluu zinawaka kwenye mabomba na matanuru. Zilibuniwa na Mwingereza Jonathan Park mwaka 1996. Mama ataipenda.

Museum Folkwang ya Essen nayo, mkusanyiko wake wa kudumu ni bure tangu 2015. Humo utamkuta Van Gogh, Cézanne, Gauguin. Ilianzia Hagen mwaka 1902 kwa mali ya tajiri mmoja, Karl Ernst Osthaus, na 1922 ikahamia Essen. Mwaka 1937 Wanazi walinyang'anya kazi zaidi ya elfu moja wakidai ni sanaa iliyooza, na tangu vita viishe jumba limekuwa likinunua upya ilichoweza kukipata.

Kuhusu lugha, Ruhr Museum na Zollverein zina maelezo ya Kiingereza pia, na kijana wako atawatafsiria. Gasometer haihitaji maneno mengi.

#4 Kasongo_Lshi

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Duisburg. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, baba yangu na babu yangu wote walikuwa wafanyakazi wa mgodi. Babu alianza enzi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, baba akaendelea chini ya Gécamines baada ya serikali kuutaifisha mgodi mwaka 1967. Kwa hiyo habari hii naisoma kwa moyo wa namna yake.

Kwetu Lubumbashi kuna bomba refu la moshi na mlima mweusi wa masalia ya shaba. Kila mtu wa Katanga akiuona ule mlima kwenye picha anajua ni nyumbani. Nilipofika huku nikaonyeshwa vilima vya Ruhr, nilijua bila kuambiwa kwamba si vilima vya Mungu, ni mawe yaliyotolewa chini ya ardhi. Lakini wao wamepanda miti, wamechonga njia, na juu ya vilima vingi wameweka kazi ya sanaa. Bottrop juu ya kilima kuna piramidi ya vyuma unayopanda kwa ngazi zinazoning'inia, ukitembea inatikisika kidogo chini ya miguu. Duisburg kuna njia ya ngazi iliyopindwa kama reli za zile treni za kuchezea watoto, Tiger and Turtle, tangu 2011. Jumapili familia zinapanda na vikapu vya chakula.

Na wa kwetu pia wamo katika kazi hii. Lubumbashi ina tamasha lake la sanaa la kila baada ya miaka miwili, lilianza 2008 kwa juhudi za kikundi cha Picha. Sammy Baloji, mmoja wa waanzilishi, amejulikana duniani kwa picha ambazo anachukua magofu ya migodi ya leo na kuwarudisha ndani yake wafanyakazi wa zamani waliopigwa picha enzi za ukoloni. Sioni tofauti kubwa kati ya alichofanya yeye na wanachofanya hawa. Tofauti ni kwamba huku serikali inalipa.

#5 Ochieng_Nordstadt

Dada BintiPangani, umeandika vizuri na sipingi uzuri wa mahali. Lakini naomba tuseme ukweli wote. Mimi naishi kaskazini ya Dortmund. Majirani zangu ni Waturuki, Wabulgaria, Wasyria, Waghana, Wajerumani waliopoteza kazi wakiwa na miaka hamsini. Sijamsikia hata mmoja akisema jioni anaenda opera Jahrhunderthalle. Magari yanayoegeshwa pale wakati wa Ruhrtriennale ni ya watu waliotoka Düsseldorf na Köln.

Kiwanda kilipokuwepo, mtu asiye na cheti aliweza kulisha watoto wanne. Hapo Hörde, Dortmund, kiwanda cha Phoenix-Ost kiling'olewa, mitambo ikasafirishwa China, na mahali pake pakachimbwa ziwa. Maji yalianza kujazwa Oktoba 2010. Ziwa ni zuri, nyumba za kando yake ni nzuri, ila mtoto wa yule mfanyakazi wa chuma hawezi kupanga pale. Sasa tukisema makaa yameleta sanaa, tumuulize pia aliyeachwa bila kazi kama yeye anaona hivyo.

Tena kuna suala la afya. Hawa wazee walivuta vumbi.

#6 BintiPangani

Kaka Ochieng, uliyoyasema ni kweli, na hilo la vumbi nalijua kuliko ninavyotaka. Kazini kwangu nauguza wazee waliokuwa chini ya ardhi miaka thelathini. Vumbi la mawe limewatia makovu kwenye mapafu, wengine hawavuki ukumbi bila mtungi wa oksijeni. Hao hao ndio walionifundisha kwenda kwenye maonyesho. Mmoja aliniuliza kama nimewahi kuona Kaue, nikasema sijui ni nini.

Kaue ni ukumbi wa kubadilishia nguo mgodini. Kwa sababu chumba kisingetosha makabati ya maelfu ya watu, kila mchimbaji alikuwa na mnyororo wake na ndoano. Anavua nguo za nyumbani, anazitundika kwenye ndoano, anavuta mnyororo mpaka nguo zinafika darini, anafunga kwa kufuli lenye namba yake. Akitoka chini, mweusi tii, anafanya kinyume chake. Nguo za kazi zilizoloa jasho zinakauka huko juu kwa hewa ya moto. Ukiingia Kaue leo unainua macho unaona mashati, mabuti na kofia vimening'inia dari nzima. Yule mzee alipopelekwa na wajukuu zake alisimama akihesabu safu kwa kidole, anatafuta pa kwake, ingawa mgodi wake haukuwa ule.

Sasa nije kwenye hoja yako ya opera. Ruhrfestspiele, zile za Recklinghausen, hazikuletwa na matajiri. Majira ya baridi ya 1946 kuamkia 1947 yalikuwa makali sana, Ujerumani imeshindwa vita, hakuna kuni, hakuna mkate. Watu wa majumba ya tamthilia ya Hamburg waliona jukwaa haliendi bila joto. Wakachukua malori, wakaendesha hadi Ruhr kuomba makaa. Walifika mgodi wa König Ludwig pale Recklinghausen. Wakati huo makaa yote yalikuwa chini ya usimamizi wa jeshi la Uingereza, kila tani ina hesabu yake. Wachimbaji waliwajazia malori kinyume cha amri, na si mara moja. Wangekamatwa, wangeshtakiwa.

Kiangazi cha 1947 wale wa Hamburg walirudi kushukuru. Walikuja waigizaji, waimbaji na mafundi wa jukwaa wapatao 150, wakacheza kwa ajili ya wachimbaji na wake zao. Wakauita mpango huo sanaa kwa makaa. Karibu kila mwaka tangu hapo tamasha limeendelea, likibebwa na mji pamoja na shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Tarehe mosi Mei, sikukuu ya wafanyakazi, hufunguliwa kwa sherehe ya wazi kwenye kilima cha mbele ya ukumbi: muziki, michezo ya watoto, soseji, hotuba za vyama. Hulipi chochote. Hapo majirani zako nawaona, kaka, Waturuki na Waghana wamo.

Kwa hiyo mimi siuoni ukumbi wa opera kama kitu kilichoshushwa juu ya vichwa vya wafanyakazi. Wafanyakazi wa huku waliwahi kuhatarisha uhuru wao ili jukwaa la mji wa mbali lisife kwa baridi.

#7 Ochieng_Nordstadt

Hiyo ya malori sikuijua. Nimeisoma mara mbili. Nitampeleka binti yangu tarehe mosi Mei.

Hata hivyo sirudi nyuma kuhusu bei na kuhusu nani anaalikwa. Kuna kitu kimoja karibu na kwangu ambacho nakisifu bila kusita, nacho ni Afro Ruhr Festival pale Dietrich-Keuning-Haus, dakika chache kwa miguu kutoka stesheni kuu ya Dortmund. Unakuta muziki, mijadala, vitabu, chakula, watoto wanasukwa nywele. Pale hakuna anayekutazama kana kwamba umepotea njia.

#8 Shangazi_GE

Wanangu, mimi nipo Gelsenkirchen tangu mwaka 1998. Hamjataja 2010.

Mwaka ule Essen na Ruhr nzima walikuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya, pamoja na Istanbul na Pécs ya Hungaria. Mwezi Mei walipandisha maputo makubwa ya manjano, zaidi ya mia tatu, juu ya mahali palipokuwa na visima vya migodi. Nilisimama dirishani nikashangaa, maana niliona puto juu ya duka ninalonunulia maziwa. Nilikuwa nimeishi juu ya mgodi na sikujua.

Halafu Jumapili ya tarehe 18 Julai waliifunga barabara kuu ya A40, kilomita 60, kutoka Dortmund hadi Duisburg. Upande mmoja walipanga meza 20,000, upande mwingine wakaachiwa wenye baiskeli. Walikadiria watu milioni tatu. Kanisa letu tulipata meza, tukapika pilau na sambusa, Wajerumani wakasimama foleni. Kwaya upande wa kulia, wazee wa njiwa upande wa kushoto na njiwa wao kwenye vikapu. Barabara ile siku zote ni honi na moshi. Siku hiyo ulisikia watu wanaongea.

Siku sita baadaye, tarehe 24, likatokea lile la Love Parade, tamasha la muziki wa dansi, pale Duisburg. Vijana 21 walikufa kwa msongamano kwenye njia ya kuingilia, penye tuneli. Hatukucheka tena kiangazi kile. Pana kumbukumbu yao pale kwenye tuneli, na kila nikipita Duisburg naenda kusimama. Mwaka ule siwezi kuukumbuka nusu nikaiacha nusu.

#9 BintiPangani

Shangazi, pole na ahsante. Mimi sikuwepo bado, haya nilikuwa nayasikia kwa mapande tu.

#10 Mjukuu_Songea

Wakuu, nimesoma kuanzia juu na nina swali linaloniwasha. Mkoa huu ulikuwa ukiyeyusha chuma enzi zile zile Wajerumani wanatutawala. Babu zetu walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906. Huyo Rais Steinmeier aliyepewa bonge la makaa ndiye aliyekuja Songea Novemba 2023, akakaa na ukoo wa Nduna Songea Mbano na kuomba msamaha. Sasa hayo majumba ya makumbusho ya migodi yanasema nini kuhusu sisi? Au ni wachimbaji na mashine tu?

#11 Kasongo_Lshi

Swali zuri sana ndugu. Yale ya Zollern ya Dortmund, jumba lile lile lililonusurika 1969, ndiyo yaliyojaribu kulijibu. Mwaka 2023 walifungua chumba cha matayarisho, wageni wakaombwa kutoa maoni ya jinsi Westfalia, eneo ambalo Dortmund imo, inavyopaswa kusimulia ukoloni wake. Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, chumba walitengewa watu weusi na wengine wanaoguswa na ubaguzi wa rangi, wazungumze bila kutazamwa. Agosti habari zikasambaa mitandaoni kwamba wazungu wamezuiwa kuingia makumbusho. Jumba likashambuliwa kwa matusi na vitisho mpaka polisi wakahitajika.

Hawakuufuta mpango. Juni 2024 maonyesho kamili yakafunguliwa, kichwa chake "Das ist kolonial", yaani "Hiki ni cha kikoloni". Yaligusa urithi wa ukoloni ulioachwa Westfalia yenyewe, ule unaoonekana na ule usioonekana, kwa hiyo yule mwenyeji hakupata nafasi ya kusema mambo haya yalikuwa mbali huko Afrika.

Mimi saa zile za Jumamosi nazitetea. Ukiwa mtu mweusi pekee chumbani mbele ya picha ya babu yako amefungwa mnyororo, na watu ishirini wanakutazama kuona utalia au utakasirika, huwezi kufikiri.

#12 Ochieng_Nordstadt

Hapo ninakuunga mkono, Kasongo, ingawa binafsi ningependa zaidi wawepo na wao wasikie tunayosema.

#13 Mjukuu_Songea

Nimewaelewa wote wawili. Niongeze tu kwamba ukienda Bielefeld, mashariki ya Westfalia, ndiko yalikohamia mwaka 1906 makao ya misheni ya Bethel, iliyoanzishwa 1886 kwa ajili ya Afrika Mashariki. Wazee wa Usambara na Bukoba wanalijua jina hilo vizuri. Ningetamani maonyesho ya aina ya Zollern yaje Songea, pale Makumbusho ya Majimaji, na ya kwetu yaende kule, yasiishie watu wa Dortmund peke yao.

#14 Fundi_Mwadui

Nimekaa kimya nasoma. Mimi nimefanya kazi migodini Shinyanga na Geita. Dada, kilichonigusa si opera. Ni nani analipia haya yote mgodi ukishafungwa? Kwetu mgodi mdogo ukifungwa unaachiwa shimo, mbuzi wanatumbukia.

#15 BintiPangani

Kaka Fundi, hili ndilo swali la kuulizwa kabla ya sanaa yoyote.

Chini ya ardhi huku, makaa yalipotolewa ardhi ilishuka. Kuna sehemu za Essen zimeshuka hadi mita 25. Bila pampu, maeneo makubwa yangekuwa maziwa, na maji ya mgodini yenye chumvi yangepanda kufikia ya kunywa. Kwa hiyo pampu zinafanya kazi na zitaendelea milele; Wajerumani wenyewe wanaziita gharama za milele. Mwaka 2007 uliundwa wakfu maalumu, RAG-Stiftung, ukapewa mali za kampuni ya makaa ili faida yake ilipie kazi hizo tangu uchimbaji ulipokoma. Yaani fedha ya kufunga ilitengwa mgodi ukiwa bado unazalisha. Wakfu huo unasaidia pia elimu na utamaduni.

Halafu kati ya 1989 na 1999 jimbo liliendesha mpango mmoja mkubwa, IBA Emscher Park, chini ya Karl Ganser. Alisimamia kwamba majengo yasibomolewe kwa haraka, yapewe muda mpaka matumizi yapatikane. Bustani ya Duisburg na piramidi ya Bottrop vimetoka humo. Mto Emscher, uliokuwa mfereji wa wazi wa maji taka ya mkoa mzima, umesafishwa kwa kazi ya miaka thelathini iliyogharimu zaidi ya euro bilioni tano, na tangu mwisho wa 2021 haupokei tena maji taka. Samaki wamerudi.

Sisemi tuige opera. Ninachotamani kwetu ni lile la kwanza: mgodi utengewe fedha ya kuufunga siku unapofunguliwa, na mfanyakazi aachiwe mahali pa kumwonyesha mjukuu wake alikofanyia kazi.

#16 Fundi_Mwadui

Umenijibu. Nitawapelekea wenzangu wa chama.

#17 MzeeKirumba

Nimesoma yote, na mama amenisikiliza nikimsomea. Tunakuja Juni, Mungu akipenda. Mama ana magoti mabovu, ngazi nyingi hawezi. Na kijana anasema yuko kazini siku za wiki, kwa hiyo tutahitaji kujua kufika wenyewe. Nielekeze kama unavyomwelekeza mtu asiyewahi kupanda tramu.

#18 BintiPangani

Karibuni sana mzee, na salamu nyingi kwa mama.

Kwanza tiketi. Kuna tiketi ya mwezi ya nchi nzima iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49, na 2025 ikapanda hadi 58. Inapanda treni za mkoa, tramu na mabasi yote, ila si zile treni za kasi zilizoandikwa ICE. Kijana awakatie kwenye simu mapema, na akumbuke kuisitisha kabla ya tarehe 10 ya mwezi huo huo, vinginevyo itaendelea kukatwa mwezi unaofuata.

Düsseldorf mpaka Essen ni kama nusu saa kwa treni ya mkoa. Shukeni Essen Hauptbahnhof, ndiyo stesheni kuu. Fuateni alama za tramu, mtafute namba 107 inayoelekea Gelsenkirchen. Kituo kinaitwa Zollverein na kinatangazwa ndani ya tramu. Mkishuka mtauona mnara wa mgodi, wa chuma, mrefu kuliko kila kitu, hamwezi kupotea. Kwa magoti ya mama, ngazi ya kuingilia Ruhr Museum ni ya umeme na lifti zipo. Pale Gasometer napo kuna lifti, ya vioo, inayopanda kwa ndani, kwa hiyo atakiona kila kitu bila kupanda hatua nyingi. Landschaftspark njia za chini ni tambarare. Lile tanuru namba 5 atakuachia wewe.

Kama tarehe zenu zitaangukia usiku wa ExtraSchicht, nijulishe kwa ujumbe wa faragha mapema, tiketi zinapungua. Nitaomba zamu ya asubuhi siku hiyo ili jioni niwe huru. Shangazi_GE, Kasongo na Ochieng, nanyi mseme kama mtakuwepo, tuchague pa kukutania.

#19 Shangazi_GE

Mimi nipo. Mama mwambieni asibebe chakula, pilau nitapika.

#20 Ochieng_Nordstadt

Nipo pia, na binti yangu. Tuanzie Zollern ya Dortmund jioni mapema, kuna ule ukumbi wa vioo sijawahi kuuona ndani, halafu tupande treni kuja Essen.